Gego linauma: nitibu mzizi au ning'oe tu?

Mkwezi wa Tabata (mwanzisha mada)
Wakuu habari za jioni. Nina jino linanisumbua wiki ya pili sasa. Juzi nimeenda kliniki, daktari kasema kuliziba hivi hivi haiwezekani. Kanipa njia mbili: kutibu mzizi kwa 300,000 au kung'oa kwa 30,000. Bei hizo zinapishana mbali sana, na mdomoni meno mengine ninayo. Waliowahi kutibiwa mzizi, inauma kiasi gani? Na linadumu? Kesho kutwa natakiwa nirudi na jibu.

Sukari Guru
Jino lipi? La mbele? Gego? Juu au chini? Umepigwa picha? Hiyo 300,000 ni pamoja na kofia au bila? Umekuja kama mtu anayepeleka gari gereji anasema "linagoma" halafu ananyamaza.

Mama Wawili
Na linauma vipi? Ukinywa maji ya baridi linashtuka kidogo kisha basi, au ukinywa chai linapwita nusu saa na usiku hulali? La kwanza pengine kuziba kunatosha. La pili kiini cha ndani kimeshaharibika, hapo hakuna ujanja wa kuziba juu juu.

Ngosha wa Igoma
Ng'oa mkuu. Kwa 30,000 unalala usingizi leo leo. Mimi nimeng'oa manne na nyama choma nakula kama kawaida.

Mkwezi wa Tabata
Samahani wakuu, nilikuwa naandika huku nimeshika shavu. Ni gego, chini kulia. Chai ndiyo inaniua. Usiku bila diklofenaki silali. Picha hawakupiga. Kofia ni nini?

Sukari Guru
Kofia ni kifuniko kigumu kinachovikwa juu ya jino lililotibiwa. Na hawakupiga picha lakini bei unayo! Mzizi umezama kwenye mfupa, ameuona kwa macho gani? Mimi ningebadilisha kliniki kwa hilo tu.

Tabibu Mstaafu
Mkwezi, kwanza hesabu magego yako. Kama ni lile gego la mwisho kabisa, hata mimi ningekwambia ling'olewe, maana halikusaidii sana kutafuna na kulifikia ni tabu. Kama ni la kwanza au la pili, fikiri vizuri kabla hujaliaga.

Kuhusu unachoulizia: unachomwa ganzi, jino linatobolewa juu, kiini kinatolewa. Kisha mifereji ya ndani inasuguliwa kwa visindano vyembamba vyenye meno kama msumeno, huku ikioshwa kwa dawa ya jamii ya klorini. Ndiyo maana anayejua kazi anakuwekea kipande cha mpira kuzunguka jino, ile dawa isikushukie kooni wala mate yasiingie ndani. Mwisho mifereji inajazwa gutapacha, utomvu wa mti unaofanana na mpira. Gego la chini kwa kawaida lina mizizi miwili na mifereji mitatu au minne, kwa hiyo si kazi ya dakika kumi. Wengine humaliza siku moja, wengine mara mbili au tatu. Baada ya hapo linauma ukiling'ata, siku chache, dawa za kawaida zinatosha.

Jambo moja watu hawaambiwi. Ganzi ya taya la chini inachomwa nyuma kabisa. Mdomo wa chini upande huo unakufa ganzi, lakini jino lenye moto ndani linaweza kubaki macho. Likibaki macho, inua mkono, ganzi inaongezwa. Usijikaze kiume pale.

Mama Wawili
Shikamoo daktari. Asante kwa kufafanua.

Tabibu Mstaafu
Marahaba. Si daktari mwanangu, ni tabibu wa meno. Daktari amesoma miaka mitano pale Muhimbili na mafunzo ya vitendo juu yake. Mimi nilikuwa wa stashahada. Mizizi ya magego nilikuwa nawapelekea wao.

Sabuni ya Mche
Ngojeni niwape yangu. Mwaka 2019, gego la juu kushoto, kliniki fulani Mwanza, jina naliacha. Daktari kijana, mcheshi, nikampenda. Siku ya kwanza katoboa, kaweka dawa, kaziba kwa muda, rudi wiki ijayo. Wiki ijayo hivyo hivyo. Nimeenda mara SITA. Kila nikienda anachokonoa, anatikisa kichwa, "bado kuna usaha dada", anaziba, naacha 40,000 mezani. Mara ya sita akajaza, akasema tumemaliza, ukipata hela uje tulivike kofia. Nikajisemea kofia ya nini tena, si limenyamaza?

Miezi minane baadaye niko kituoni nakula mahindi ya kuchoma, nikasikia *ka!* Nikadhani ni punje. Kumbe jino limepasuka katikati hadi chini ya fizi, vipande viwili vinacheza kama mlango uliotoka bawaba. Nikaenda hospitali nyingine. Wakapiga picha, mama mmoja akanionyesha kwa ncha ya kalamu: mfereji huu mtupu, na huu una ncha ya kisindano kilichokatikia ndani. Hakuna aliyewahi kuniambia! Likang'olewa vipande vipande, saa nzima. Kwa hiyo mimi nimelipia kutibu mzizi NA kung'oa.

Ngosha wa Igoma
Nilisema mimi.

Tabibu Mstaafu
Pole sana binti. Kisindano kukatika kunamtokea hata bingwa, kosa ni kukuficha. Na magego ya juu yana mizizi mitatu, lakini mara nyingi mfereji wa nne umejificha, asiyeutafuta hauoni. Lakini lililolipasua jino lako ni kukosa kofia. Mkwezi, umesikia? Gego likishatobolewa na kuchimbwa zinabaki kuta tu, na ndilo linalobeba uzito wa kutafuna. Jino la mbele aghalabu linaweza kujazwa likaishia hapo. Gego hapana.

Na wewe Ngosha, yale manne ukienda kioo utaona la juu yake linaanza kushuka na majirani wanainama kwenye pengo.

Ngosha wa Igoma
Wacha yainame mzee, kila kitu kinainama.

Mpemba Asilia
Jamani mbona hakuna aliyetaja karafuu? Pamba, tone moja la mafuta ya karafuu, weka kwenye tundu. Huku kwetu bibi zetu hawakujua eksirei.

Sukari Guru
Na bibi zetu walikuwa na meno mangapi wakifika sitini?

Mpemba Asilia
Usinitukanie bibi yangu. Alitafuna muwa.

Tabibu Mstaafu
Msigombane. Ile harufu ya chumba cha meno inayowatisha ni karafuu hiyo hiyo, kuna dawa ya kuziba kwa muda inachanganywa na kiini chake. Inatuliza kweli, lakini haiponyi kilichooza. Na ukimwaga mafuta mazima yanaunguza fizi.

Ukweli Mchungu
Hamumwambii kwamba jino lililouliwa mzizi ni maiti mdomoni na linaleta kansa. Wenyewe Marekani walishagundua zamani.

Mswahili wa Kisauni
Hiyo ni ya Weston Price, daktari wa meno wa huko huko Marekani, miaka ya 1920. Wenziwe walipoyarudia majaribio yake hawakuyapata matokeo yale. Miaka mia, na bado yatembezwa kwa simu. Mimi langu lina mwaka wa saba, nililipa 18,000 za Kenya na kofia mbali, na natafuna mabuyu.

Meru Halisi
Ndiyo maana sisi wa Arusha tuna meno ya kahawia lakini magumu. Maji yetu yana madini ya floridi.

Mama Wawili
Magumu wapi kaka. Floridi ikizidi sana jino linamenyeka. Mume wangu wa Ngaramtoni, nayajua.

Meru Halisi
Huyo labda anakula pipi.

Sukari Guru
Tumehamia Arusha sasa. Mkwezi uko wapi? Picha?

Mkwezi wa Tabata
Nipo wakuu. Nimeenda kwingine leo, picha 15,000. Nilihesabu kwa ulimi nikadhani ni la mwisho, kumbe ni la pili, la mwisho bado limelala ndani. Huyu kasema mzizi mmoja umepinda, kutibu 350,000, kofia 400,000. Bima ya kazini inalipa kung'oa tu. Nimeomba nifikirie hadi mwisho wa mwezi. Na ajabu, tangu asubuhi haliumi kabisa, nimekunywa na chai.

Tabibu Mstaafu
Hilo ndilo linanitia wasiwasi. Likinyamaza ghafla namna hiyo, mara nyingi kiini kimekufa. Halijapona. Kinachofuata ni usaha. Ukiona uvimbe chini ya taya, kumeza ni shida au mdomo haufunguki, usingoje mwisho wa mwezi, kimbia hospitali usiku huo huo.

Ngosha wa Igoma
750,000 kwa jino moja! Hiyo ni pikipiki kuukuu.

Sabuni ya Mche
Mpemba, hayo mafuta chupa ndogo unauzaje? Unatuma Mwanza?