Uzi wa malalamiko: Spidiwei ya Uingereza inatuuzia timu ambazo hazipo

Wakuu, salaam.

Wengi humu mnafuatilia mpira wa miguu, na wachache wenye mapenzi na pikipiki mmezoea mashindano ya barabara za lami. Mimi ninaishi mashariki mwa Uingereza na mchezo ulioniteka ni spidiwei. Nimefungua uzi huu kwa sababu nimechoka kulipa kiingilio ili niitazame timu yangu, halafu nikifika uwanjani nikute jina la timu lipo, jezi zipo, honi za mashabiki zinalia, ila watu kadhaa waliovaa jezi hizo ni wa timu nyingine kabisa. Lalamiko langu ni hilo moja: wanaouendesha mchezo huu wanatuuzia timu ambazo hazipo.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, nieleze kidogo. Waendeshaji 4, wawili wa kila timu, hujipanga nyuma ya utepe, na utepe ukiruka wanazunguka uwanja wa udongo mara 4 kwa kuelekea kushoto. Pikipiki zao ni za cc 500, zinatumia methanoli, zina gia moja na hazina breki. Ukifika kwenye kona hupunguzi mwendo kama unavyofanya barabarani, bali unaisukuma pikipiki ikae ubavuubavu, gurudumu la nyuma likichimba udongo, huku mguu wa kushoto uliovikwa kiatu cha chuma ukiburuzwa chini. Mbio moja huchukua takriban dakika moja, mechi nzima ina mbio 15, wa kwanza anapata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho anaondoka mikono mitupu. Wenyeji huvaa helmeti nyekundu na buluu, wageni nyeupe na njano. Sisi watazamaji tunanunua kijitabu cha mechi chenye jedwali la mbio zote na kujaza matokeo kwa kalamu, na aliyesimama karibu na kona hurudi nyumbani na mchanga mwekundu hadi masikioni. Mambo haya yamekuwepo tangu Februari 19, 1928, siku ya mashindano ya High Beech katika msitu wa Epping, ambayo ndiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wa spidiwei nchini Uingereza. Mchezo wenyewe, kwa hiyo, sina ugomvi nao.

Ugomvi wangu ni huu. Timu ya ligi kuu ina waendeshaji 7. Mmoja wa vinara akiumia, au akiwa na mashindano kwingine usiku huo, kanuni huruhusu klabu yake, kulingana na mazingira, ama kuwagawia wenzake mbio zake, ama kuazima mwendeshaji wa klabu nyingine ambaye wastani wake wa pointi hauzidi wa yule aliyekosekana. Ninakubali kwamba mwanzoni kanuni hiyo ilikuwa na mantiki, kwa kuwa katika mchezo usio na breki mifupa huvunjika kila wiki, na huwezi kuahirisha mechi kila mtu anapovunjika mfupa wa bega. Tatizo ni kwamba dawa ya dharura imegeuzwa chakula cha kila siku. Zaidi ya hapo, waendeshaji wengi wanaruhusiwa kuchezea klabu moja ya ligi kuu na nyingine ya ligi ya pili katika msimu huohuo, hivyo ratiba zikigongana, klabu moja lazima ikaazime, na klabu iliyoazimwa mtu wake nayo huenda wiki ijayo ikawa inatafuta wa kuziba pengo.

Msimu uliopita klabu ninayoishabikia, ambayo sitaitaja, ilikuwa nyumbani kwa mechi muhimu. Nilinunua kijitabu, nikakaa mahali pangu pa siku zote karibu na kona ya kwanza, na kabla hata trekta halijamaliza kusawazisha udongo, mtangazaji akaanza kusoma mabadiliko: futa jina hili, andika lile, namba fulani wa wageni naye hayupo, andika fulani. Jedwali langu likajaa mistari ya kalamu kabla pikipiki ya kwanza haijaunguruma. Mmoja wa walioazimwa na timu yetu tulikuwa tumemzomea muda mfupi kabla, uwanjani hapohapo, akiwa na wapinzani wetu wa jadi. Usiku ule alishinda mbio zake nyingi, na watu wakampigia makofi ya adabu, yale makofi ya mtu anayempongeza mtoto wa jirani. Tulishinda mechi. Mzee aliyekuwa amekaa mbele yangu alijaza matokeo hadi mbio ya 15, akafunga kijitabu, akauliza kwa sauti, bila kumgeukia mtu yeyote, ni nani hasa aliyeshinda. Hakuna aliyemjibu.

Hebu fikirini siku ya mechi ya watani, Yanga wamepungukiwa mshambuliaji, wanapiga simu Azam wanaletewa mmoja kwa dakika 90, anafunga, halafu kesho yake anarudi Chamazi kujiandaa kucheza dhidi ya Yanga haohao. Kariakoo kungekalika? Huku kwetu jambo hilo ni la kawaida, na linatokea hata katika mechi za mtoano za kutafuta ubingwa.

Kuna kanuni nyingine inayouma zaidi, nayo ni kikomo cha wastani wa pointi. Kila mwendeshaji anahesabiwa wastani wa pointi anazopata, na jumla ya wastani wa wale 7 haipaswi kuvuka kikomo ambacho wenye klabu hukipanga wakati wa majira ya baridi. Lengo linalotajwa ni kulinganisha nguvu za timu ili matajiri wasijikusanyie vinara wote. Matokeo yake ni kwamba timu ikifanya vizuri, wastani wa watu wake unapanda, na msimu ukiisha klabu inalazimika kuwaacha baadhi yao ili jumla ishuke. Yaani adhabu ya kushinda ni kuvunjwa. Kijana anakuja, anajifunza kona za uwanja wenu, mnamwona akianguka na kuinuka, mnamchangia fedha za injini, kwa maana waendeshaji hawa hujinunulia pikipiki zao wenyewe, na mwaka anaoiva ndio mwaka anaoambiwa hesabu imekataa. Shabiki ataipenda vipi timu ambayo kila Machi lazima atambulishwe kwake upya?

Nisije nikaonekana ninaona ubaya tu, kikomo hichohicho ndicho kilichotuletea Peterborough Panthers ya mwaka 2021. Klabu ile ilikusanya wakongwe ambao wengi waliwaona wamekwisha: Hans Andersen, Bjarne Pedersen, Scott Nicholls, Chris Harris. Watu wakawacheka, wakawatabiria mkiani. Wazee wale wakaendesha kwa akili, kila mmoja akijua mwenzake atapita ndani au nje ya kona, wakatwaa ubingwa wa ligi kuu. Hiyo ilikuwa timu, na ndiyo sababu hata sisi tusiokuwa wa Peterborough tunaikumbuka. Sasa ulizeni iko wapi. Baada ya msimu wa 2023 Panthers hawakuwa tena na pa kuendeshea, kwa kuwa uwanja wa maonyesho waliokuwa wakiutumia tangu mwaka 1970 si wao, na mipango ya eneo lile ni nyumba za kuishi.

Hapo ndipo kutokuwepo kwa timu kunapoacha kuwa lugha ya hasira na kuwa ukweli mtupu. Klabu nyingi za spidiwei ni wapangaji, na mpangaji haamui kitu. Coventry Bees waliendesha katika uwanja wa Brandon tangu mwaka 1928, pamoja na vipindi vya kusimama, hadi 2016. Uwanja ukawa mikononi mwa wenye mpango wa kujenga nyumba, ukaachwa, ukavunjwavunjwa na kuchomwa moto na wahuni huku mvutano wa vibali ukiendelea mwaka baada ya mwaka. Swindon Robins walikuwa mabingwa mwaka 2019, wakiwa na Jason Doyle, bingwa wa dunia wa 2017. Msimu wa 2020 ukafutwa kwa sababu ya korona, kisha wakaambiwa uwanja unafanyiwa ukarabati, na hadi leo mabingwa wale hawajarudi. Wolverhampton Wolves, mabingwa wa 2016, walitolewa Monmore Green mwishoni mwa 2023 kwa sababu wenye uwanja walitaka nafasi zaidi ya mbio za mbwa. Ongezeni Rye House na Lakeside za mwaka 2018, Somerset na Eastbourne za 2021, Newcastle iliyofungwa katikati ya msimu wa 2022. Mwaka 1965 ligi ya Uingereza ilianzishwa na timu 18. Mwaka 2022 ligi kuu ilikuwa na timu 6, na 4 kati ya hizo zilikwenda kwenye mtoano, maana yake tulizunguka kuanzia majira ya kuchipua hadi ya kupukutika majani ili tuwaondoe wawili tu.

Najua watetezi watakuja na majibu yao. Watasema waendeshaji bora wanafuata fedha za Poland, ambako spidiwei ni mchezo mkubwa, viwanja ni vya maana na televisheni inalipa. Ni kweli. Tai Woffinden, Mwingereza aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 2013, 2015 na 2018, aliiacha ligi ya nyumbani baada ya msimu wa 2016 na hakurejea hadi 2023 alipojiunga na Sheffield. Bartosz Zmarzlik, bingwa wa dunia mara kadhaa, hana timu Uingereza na sidhani kama atakuja kuwa nayo. Lakini mimi sikuomba Zmarzlik. Sijawahi kumsikia shabiki wa klabu yoyote akisema hatakwenda uwanjani kwa sababu bingwa wa dunia hayupo. Ninachosikia kila wiki, kwenye foleni ya chai na kwenye maegesho, ni watu wanaolalamika kwamba hawajui nani ni wao. Nipeni waendeshaji 7 wa daraja la kawaida, wakae misimu mitatu, washindwe pamoja na washinde pamoja, nami nitasimama kwenye manyunyu ya Aprili bila kunung'unika.

Na ushahidi upo. Mwaka 2021 Uingereza ilitwaa ubingwa wa dunia wa mataifa pale Manchester, ubingwa wake wa kwanza wa dunia wa timu tangu 1989, na mwaka 2024 ikautwaa tena palepale. Robert Lambert na Dan Bewley walikuwemo mara zote mbili, na hakuna aliyehitaji kutangaziwa kwamba leo mmoja wao ameazimwa kutoka Denmark. Watu walipiga kelele hadi sauti zikakauka kwa sababu waliwajua. Uwanja wenyewe, uliofunguliwa mwaka 2016 katika eneo la Gorton, ulijengwa kwa msaada wa halmashauri ya jiji kwa ajili ya spidiwei, na klabu ya Belle Vue, wanaouita nyumbani, wakawa mabingwa wa ligi mwaka 2022 na tena 2024. Oxford nao, waliokuwa kimya tangu 2007, walirudi mwaka 2022. Kwa hiyo msiniambie haiwezekani. Inawezekana mahali ambapo mtu amejali kwanza klabu itakaa wapi.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni nani anayeamua. Kanuni za ligi hutungwa na mapromota wenyewe, yaani wenye klabu, na kila mmoja huingia kikaoni akiwa na hesabu ya timu yake mfukoni. Ndiyo maana kila majira ya baridi tunapokea kikomo kipya, mfumo mpya wa mtoano, utaratibu mpya wa kuzidisha pointi wakati timu imeachwa nyuma, na mwaka unaofuata yote yanafutwa. Mnunuzi wa tiketi haulizwi. Mvua ikinyesha na mechi ikawa kiporo, kiporo hicho hupangwa siku ambayo nusu ya waendeshaji wako Sweden au Poland, tunarudi kulekule kwenye kuazima, na tunatakiwa tushukuru kwamba mechi imechezwa.

Ninachodai si kikubwa. Kila klabu iruhusiwe idadi maalumu ya watu wa kuazima kwa msimu, ikiisha imeisha, na kwenye mtoano asiazimwe mtu yeyote. Nafasi iliyobaki wazi wapewe vijana wa klabu hiyohiyo hata kama watashika mkia. Mwendeshaji anayebaki klabu moja kwa misimu mfululizo apunguziwe wastani wake katika hesabu ya kikomo, ili uaminifu uwe na thamani. Na kabla klabu haijaanza kuuza tiketi za msimu, itutangazie mkataba wake wa uwanja unaisha lini, tujue tunanunua nini. Mimi ya kwangu kwa msimu ujao sijalipia, na safari hii barua ya kunikumbusha nimeirudisha ofisini kwao nikiwa nimeambatisha kile kijitabu chenye majina yaliyofutwa.