Chumba kimoja, kitanda 5 kwa 6, cherehani na mtoto mchanga: vitu tuviweke wapi?

BabaNuru_Tandika:

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo yenu. Tunaishi chumba kimoja, nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, koridoo katikati, choo na bomba uani. Chumba ni futi 10 kwa 12. Ndani mna kitanda cha 5 kwa 6, kabati la nguo la milango miwili, friji ndogo, meza ya TV, cherehani cha mke wangu (ndiyo kazi yake, hakitoki), ndoo nne za maji za lita 20, mtungi wa gesi wa kilo 6, na mashangazi kaja matatu yaliyojaa vitambaa vya wateja. Sasa Mungu katujalia mtoto, ana miezi mitatu. Beseni lake, nepi, chandarua, vyote vimekuja juu ya hivyo. Muda si mrefu ataanza kutambaa na sakafu ya kutambalia haipo.

Mwenye nyumba hataki msumari ukutani wala kutoboa. Koridoni hakuwekwi kitu, wapangaji walishagombana kwa hilo. Kodi tumelipa ya miezi sita, kwa hiyo kuhama bado. Rafiki yangu ananishauri ninunue kabati kubwa zaidi. Nyie mnasemaje?

Seremala_Keko:

Hongera kwa mtoto, mkuu. Kabati kubwa usinunue.

Mimi ni fundi, nipo Keko, na karibu kila wiki napokea mteja mwenye picha ya kabati kwenye simu ambaye chumba chake hajakipima. Wewe umekipima, kwa hiyo tupige hesabu. Kitanda chako kimekalia futi za mraba 30 kati ya 120. Robo nzima ya chumba, na chini yake pengine mna inchi nane tu ambazo haziingizi kitu zaidi ya viatu. Ukiinua kitanda mvungu ufike inchi 20, unapata futi za ujazo 50. Kabati la futi 4 kwa 6 lenye kina cha futi 2 lina 48. Maana yake unapata kabati zima bila kupoteza hata inchi ya sakafu.

Usiinue kwa tofali. Tofali linamomonyoka, na mguu wa kitanda unateleza mtu akigeuka usiku. Mwambie fundi akuchongee vigogo vinne vya mbao ngumu, kila kimoja kichimbwe shimo juu ili mguu wa kitanda uzame humo kama inchi mbili. Hapo hautikisiki.

Droo za reli chini ya kitanda siwashauri watu wa pwani, kwa sababu reli zinashika kutu na baada ya masika unavuta kwa miguu miwili. Tengeneza masanduku ya mbao yaliyo wazi juu, yenye magurudumu madogo, na kutoka mbele hadi nyuma kila moja lipungue kidogo futi mbili na nusu. Kitanda kina upana wa futi tano, kwa hiyo yatakaa safu mbili. Safu ya nyuma, ya ukutani, iwe ya vitu vya msimu: blanketi, nguo za sikukuu, nguo ambazo mtoto hazijamfikia. Ya mbele iwe vitambaa vya wateja. Ila pima kwanza kama mbele ya kitanda pana nafasi ya kulivuta sanduku. Wengi wanasahau hilo.

La pili, ukuta. Hujaruhusiwa kutoboa, basi tengeneza kichanja kinachojisimamia: miguu minne inayokaribia dari, friji na ndoo za maji zikae katikati ya miguu, juu yake mbao tatu. Kina kisizidi inchi 14. Kifunge na ubavu wa kabati lako kwa skrubu, viwe kitu kimoja, kwa sababu mtoto akianza kusimama atashika chochote. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, kwa hiyo maji yasipande juu kamwe. Juu kabisa weka vyepesi: beseni, mabegi matupu, ndoo ya nepi.

Gesi isiingie mvunguni hata siku moja. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inalala chini, na mvungu ndipo itakapojikusanya. Mtungi ukae wima, karibu na mlango.

BiMkubwa_wa_Amu:

Fundi amesema vizuri. Mimi naongeza la hewa.

Nimezaliwa Lamu. Nyumba zetu za zamani vyumba ni virefu lakini vyembamba, kwa sababu boriti ya mkoko haivuki mbali, kama mita tatu hivi. Kwa hiyo wazee walipanga vitu juu na ndani ya kuta: zidaka (vishubaka vya kuwekea vitu) ukutani, kitanda kirefu chenye mvungu mkubwa, na susu la kamba likining'inia kwenye boriti, chakula ndani, panya hafiki na upepo unapita. Wewe zidaka huwezi kuchimba, lakini susu unaweza kulitundika kwenye hicho kichanja. Vitunguu, viazi na ndizi zikae humo, sakafu ipumue.

Mvungu uliojazwa mpaka mwisho katika pwani hii ni nyumba ya ukungu. Acha upana wa kiganja kati ya masanduku na ukuta, na yatobolewe matundu ubavuni. Vitambaa vya watu visikae moja kwa moja juu ya saruji, nguo ya mteja ikishika madoa ya ukungu mama Nuru atailipa. Siku ya jua toa kila kitu uani, anika, rudisha. Mama yangu aliweka karafuu katika kasha la nguo na mimi naweka hadi leo.

Mchele na unga viwe kwenye ndoo zenye mfuniko unaobana, fukusi wasiingie. Ndoo ya rangi, hata ukiiosha vipi, usitie chakula.

Msomaji_Githurai:

Niko kwenye bedsita, yaani chumba kimoja cha kupanga, hapa Nairobi. Kilichonisaidia ni nyuma ya mlango: kitambaa kigumu chenye mifuko, kinaning'inia juu ya mlango kwa vyuma vilivyopindwa, bila msumari. Nepi na mafuta ya mtoto vinatosha hapo. Sufuria ziingie moja ndani ya nyingine, mifuniko kando.

BabaNuru_Tandika:

Shikamoo Bi Mkubwa, na asanteni wote. Mke wangu amesoma na ana swali moja kwa fundi: mvungu ukiwa inchi 20, ukijumlisha godoro la inchi 8, mtoto akibingirika si atavunjika?

BiMkubwa_wa_Amu:

Marahaba mwanangu.

Seremala_Keko:

Mama ana haki. Basi punguza, mvungu uwe inchi 16. Bado una futi za ujazo 40. Kitanda kisukumwe kando ya ukuta, na upande wa wazi ifungwe mbao ya kuzuia inayotoka na kurudi. Angalia sana pale godoro linapokutana na ukuta: pasiwe na upenyo, kwa sababu mtoto anaweza kuzama hapo akabanwa. Na hata mbao ikiwepo, asiachwe juu peke yake.

Cherehani chenu, kama ni kile ambacho kichwa kinazama mezani, mkimaliza kazi mkizamishe, meza hiyohiyo iwe ya chakula. Meza ya TV mtaiuza, TV ikae kwenye kichanja. Pale ilipokuwa ndipo mtandike mkeka wa mtoto. Kabla ya kununua mbao nipe kimo cha dari, na mlango unafunguka kwa ndani au kwa nje.