Mandhari mpya imefanya skrini kuwa nyeusi, naombeni ushauri

KijanaWaKibuye: Wakuu, hamjambo? Niko Kisumu. Nilipakua mandhari ya Windows 10 yenye madirisha ya kioo na aikoni za mviringo, ikapendeza sana. Usiku mfumo ukajisasisha, na asubuhi hii skrini ni nyeusi, ule mwambaa wa chini haupo. Nifanyeje nisipoteze mandhari yangu? Moyo unadunda, naandika kwa simu.

FundiKondele: Windows haikubali mandhari ambayo Microsoft haijaitia sahihi. Lazima ulitumia programu ya kuchokora uxtheme.dll, faili ya mfumo inayosimamia mandhari. Sasisho likirudisha faili ya awali, mandhari hugoma. Ulitumia programu gani?

KijanaWaKibuye: Jina limenitoka. Ilitaka nizime antivirasi kwanza, nikazima. Wengi waliisifu.

MamaLulu_Nakuru: Unazima antivirasi kwa sababu ya urembo! Kijana wangu hapa Section 58 aligeuza aikoni zote zikawa wanyama, nikatafuta barua ya shule hadi jioni. Nilimwambia shamba hulimwa kwanza, maua baadaye.

Trans_Nzoia: Achana na Windows, hamia mfumo wa Linux Mint, ndugu. Mandhari unaitia kwenye folda ya .themes ndani ya akaunti yako, na faili za mfumo haziguswi.

FundiKondele: Hata huko usilale. Machi 2024 mtu aliweka mandhari ya KDE Plasma, mwonekano mmoja wa Linux, faili zake zikafutwa, kwa maana mandhari za aina ile zinaweza kuendesha amri. Kijana, hiyo kompyuta ni yako? Ina nini ndani?

KijanaWaKibuye: Ni ya mjomba, ya saiba yake. Yeye yuko Siaya matangani. Ina hesabu za chama cha akina mama, yeye ndiye huwawekea. Lakini nilitaka saiba ivutie, wateja hupenda mahali palipopambwa.

Omera_K: Ngoja kidogo. Mwanzo ilikuwa "mandhari yangu", sasa ni saiba ya mjomba, na hesabu za chama juu yake. Tukiuliza tena itakuwa ya kaunti. Uzi huu umetungwa.

MamaLulu_Nakuru: Hata mimi nimeshangaa. Saiba gani haina kompyuta ya pili ya kuandikia?

KijanaWaKibuye: Ipo, ina mteja anayejaza ritani za ushuru za KRA. Nimtoe? Mama, situngi chochote.

Omera_K: Tuwekee picha basi.

Trans_Nzoia: Picha ya skrini nyeusi itathibitisha nini?

FundiKondele: Mwacheni. Kijana, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Orodha ya kazi ikifunguka, anzisha kazi mpya, andika explorer.exe, ndiyo programu inayoleta mwambaa. Mwambaa ukirudi, usiguse rangi yoyote: nakili hesabu za chama kwenye flashi kwanza. Kisha rudisha mandhari ya Windows yenyewe, ondoa ile programu, washa antivirasi, uikague mashine yote. Ukitaka urembo baadaye kuna programu ya Rainmeter, inaweka saa na vidude vyake juu ya skrini bila kubadilisha faili za mfumo.

KijanaWaKibuye: Mwambaa umerudi! Nanakili sasa hivi. Asante sana, kaka. Ila mandhari siitoi leo. Mjomba anarudi Jumatatu, nataka aione kwanza.

FundiKondele: Na antivirasi?

KijanaWaKibuye: Nikiiwasha itafuta ile programu.

MamaLulu_Nakuru: Mpigie mjomba simu, mwanangu. Sasa hivi, kabla mteja mwingine hajaketi hapo.