Tupeane uzoefu: mtaani kwenu nini kilipunguza watu kukaa bila kazi?

Mleta mada: Wakuu habari zenu. Naomba kila mtu aje na yaliyomkuta mwenyewe, zile za "vijana wa siku hizi wavivu" tumeshazichoka. Ulikaa benchi ukatokaje? Au mlijaribu kitu mtaani kikabuma?

Naanza mimi. Kabla ya kufanya chochote kamati yetu ilipita nyumba kwa nyumba kuuliza, maana takwimu za taifa zinaficha mengi, kwa kipimo cha ILO (Shirika la Kazi Duniani) ukifanya kazi ya malipo hata saa 1 tu kwa wiki unahesabiwa una ajira, na aliyekata tamaa akaacha kutafuta anawekwa nje ya nguvukazi kabisa, haonekani hata kwenye asilimia ya wasio na ajira. Sasa kwetu hao ndo walijaa! Wengine ufundi wanao ila vifaa hawana, wengine akina mama kazi wanaitaka ila mtoto wamwachie nani, wengine kazi waliyoisomea mashine zimeshaichukua. Semina ya ujasiriamali tuliyokuwa tumepanga isingegusa hata mmoja wao, tukaifuta.

Mchangiaji wa 2: Hapo kwa akina mama umenena mkuu. Mimi vibarua vya usafi wa ofisi nilikuwa naitwa ila ni alfajiri, nashindwa. Majirani tukaanza kupokezana kulea watoto kwa zamu. Mtaani haikuongezeka ajira hata moja ila sisi tukaanza kutoka.

Mchangiaji wa 3: Mi kazi nilipewa mchongo na mtu tuliyekuwa tunasalimiana tu, wala si mshkaji. Mwanasosholojia Mark Granovetter alishaliandika hili 1973, kwamba watu wa kufahamiana juu juu ndo wanakuletea habari mpya, rafiki wa karibu anajua yale yale unayoyajua wewe. Kijiwe kizima mkiwa hamna kazi, habari ya kazi itatokea wapi?

Mchangiaji wa 4: Napinga kidogo. Koneksheni inapanga foleni upya tu, ulipopata wewe kuna mwenzio kakosa. Na mafunzo ndo yale yale, sisi tulifundishwa kushona kundi zima kwa mpigo, tulipomaliza wote tukawa tunagombania wateja wale wale, wafadhili wameshapiga picha zao wameondoka. Bora ile hela ingelipa watu wafanye kazi ambazo mtaa unazihitaji.

Na msidhani mtu akikosa kazi anapata muda wa kujiendeleza. Kule Austria kuna sehemu inaitwa Marienthal, kiwanda cha nguo kilifungwa kati ya 1929 na 1930, watafiti wakakuta watu wana muda kibao lakini hata vitabu vya maktaba wanaazima vichache kuliko walipokuwa kazini. Mwaka 2020 hapohapo ulianza mradi wa kumhakikishia kazi kila aliyekaa bila ajira zaidi ya mwaka, kwa hiari yake. Hiyo ndo naielewa mimi.

Mleta mada: Hiyo ya vitabu nimeiona kwa macho, msoto unakula hadi hamu ya kuoga. Ila mkuu, kwenye ushonaji kuna mtu alikuja kuwauliza kwanza mnataka kujifunza nini?

Mchangiaji wa 4: Aulize nani, vyerehani vilishanunuliwa.