Mama wa Shanty Town kakataa kutoa mbwa

*Kikundi: Ukoo wa Marangu. Jumatatu, 21 Julai, jioni*

Neema (Njiro): Shikamooni wakubwa wote. Nimerudi kutoka Moshi mikono mitupu. Yule mama wa Shanty Town kakataa kunipa mtoto wa mbwa, kale ka-chiwawa (Chihuahua) ka zawadi ya kipaimara ya Glory.

Baba Mdogo Elia: Marahaba. Si ulishalipa?

Neema: Nusu, laki nne. Nyingine nilikuwa nayo kwenye pochi. Kamezaliwa tarehe 2 Juni, leo kametimiza wiki 7. Kanakula, kanakimbia, kana meno kama sindano. Mama anasema wiki 12. Eti akinionea huruma sana, 10. Kipaimara cha Glory ni Jumapili hii!!

Witness: Tukiwa hapo hapo kwenye kipaimara, michango bado inasuasua. Orodha naiweka tena usiku.

Baba Mdogo Elia: Huyo mama anavuta siku ili akuongezee bei ya chakula. Nawajua wafanyabiashara wa Moshi, na mimi ni mmoja wao 😂 Mbwa wa mwezi mmoja na nusu anatolewa. Simba wa Bibi alikuja ana mwezi.

Neema: Ndicho nilichomwambia! Akanijibu, "Simba wenu alikuwa chiwawa?"

Baba Mdogo Elia: Hapo kakushinda.

Godi (SUA): Shikamooni. Nimetoka maabara sasa hivi. Dada Neema, kana uzito gani?

Neema: Alikaweka kwenye mizani ya jikoni mbele yangu. Gramu 640. Anayo daftari, anaandika kila asubuhi. Anataka kafike gramu 900 na kale chenyewe bila kunyonya wiki nzima ndipo atoe.

Godi (SUA): Basi umempata mfugaji wa kweli. Usigombane naye.

Baba Mdogo Elia: Daktari wa mifugo kaongea, na hata hajamaliza chuo.

Godi (SUA): 😅 Bado mwaka mmoja, Baba Mdogo. Lakini hili tumelisoma. Chihuahua mzima kwa kawaida hazidi kilo 3 hivi, sasa fikiria mtoto wake. Hana mafuta mengi mwilini, na ini lake ni dogo mno kuweka akiba ya sukari. Mtoto wa mbwa wa kawaida akiruka mlo mmoja atalia tu. Huyu akikaa saa chache bila kula, sukari inashuka. Analegea, anayumba kama mlevi, anatetemeka, akichelewa anapata degedege.

Godi (SUA): Na siku anayohama ndiyo siku asiyokula. Nyumba ngeni, mama hayupo, watu wanapokezana kumbeba.

Shangazi Manka (Sakina): Godi anasema kweli. Ngoja niwaambie jambo ambalo sikuwahi kuwaambia.

Shangazi Manka (Sakina): Mnamkumbuka Pamba wangu? Yule mbwa mdogo mweupe, aina ya Maltese. Niliwaambia kaibiwa.

Baba Mdogo Elia: Namkumbuka. Siku mbili tu ukaibiwa.

Shangazi Manka (Sakina): Hakuibiwa. Alikufa. Nilimchukua ana wiki 6, muuzaji akaniambia "huyu keshakuwa, hanyonyi tena." Nikapanda naye kosta, mwezi wa Juni, baridi ile ya Arusha mnaijua. Watoto wakacheza naye mpaka saa nne usiku. Uji wa maziwa hakuugusa, nikasema atakula kesho. Asubuhi nikamkuta kalala kwenye kikapu, nikamwacha apumzike, nikaenda kufungua duka. Nilipomgusa saa tatu, fizi nyeupe kama karatasi. Dokta wa mifugo akaniuliza mara ya mwisho kala lini, sikuwa na jibu. Saa sita keshakufa.

Shangazi Manka (Sakina): Niliona aibu. Mtu mzima, nimelea watoto wanne, nikashindwa na kitu cha kiganjani.

Neema: Pole sana Shangazi 😢

Witness: Pole Shangazi.

Baba Mdogo Elia: Pole dada. Lakini mimi nilimshuku yule kijana wa mkokoteni wa maji! Miezi miwili sikununua maji kwake!

Shangazi Manka (Sakina): Kamwombe radhi basi.

Happy (niko na Bibi): Bibi amesikiliza yote, nimemsomea. Hii ni sauti yake, naandika kwa wasiofungua: "Huyo Simba mnayemtaja aliletwa kwenye kikapu cha kahawa, ana mwezi, ndiyo. Alikua, akafukuza nyani, akanifukuzia na wezi wote. Lakini hamkuniuliza ndugu zake."

Godi (SUA): Bibi shikamoo. Walikuwa wangapi?

Happy (niko na Bibi): Anasema saba. Waligawiwa siku moja. Walioishi wawili, Simba na wa kwa Mzee jirani. "Tulisema ni mapenzi ya Mungu. Leo naona yalikuwa ni kunyonya hakujaisha."

Baba Mdogo Elia: Haya, nimekaa kimya.

Neema: Sawa nimeelewa. Ila Godi, kwa nini 12 na si 8? Dada mmoja kazini aliyekaa Uingereza anasema kule ni wiki 8 kisheria.

Godi (SUA): Ni kweli, lakini hiyo ndiyo chini kabisa, kwa mbwa wa aina zote. Wengi wanaofuga hivi vidogo wanasubiri mpaka 10 au 12. Na hapo kati anajifunza mengi. Akimng'ata ndugu yake kwa nguvu, ndugu analia na mchezo unaisha. Ukimtoa mapema, mwalimu wa hilo somo ni vidole vya Glory.

Godi (SUA): Halafu kuna chanjo. Kachomwa?

Neema: Moja, wiki iliyopita. Nimeona kadi yake, ina stika. Na minyoo wamepewa dawa kila wiki mbili.

Godi (SUA): Vizuri sana. Hiyo moja haitoshi. Kinga aliyopewa na mama yake kwenye maziwa inaweza kuizuia chanjo isifanye kazi, na hakuna ajuaye kwa kumtazama imeisha lini. Ndiyo maana tunarudia kila wiki 3 au 4 mpaka wiki 16. Ya kichaa cha mbwa akifika miezi 3. Halafu kuna parvo, virusi vinavyoharisha mbwa vibaya, vinakaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka. Ua wenu pale Njiro, mbwa wa mtaa wanapita?

Neema: Wanalala kabisa getini.

Godi (SUA): Basi hata akija, asikanyage nje ya geti. Abebwe.

Witness: Mbwa wa kubebwa mgongoni. Kazi ipo.

Godi (SUA): Lakini dada, usimwache akae huko mpaka miezi 5 ukidhani ndiyo usalama zaidi. Mpaka wiki ya 14 hivi ndipo anazoea dunia. Asiposikia bodaboda, redio, watoto, pasi ya mkaa ikifunguliwa, anaweza kuwa mwoga maisha yote. Mwombe yule mama asiwafungie chumba cha nyuma.

Neema: Wako jikoni kwake, redio inaunguruma kutwa. Nilivyokuwa pale alikuwa anamenya ndizi za mtori wanampanda miguuni.

Shangazi Manka (Sakina): Huyo mama nampenda bila kumjua.

Neema: Nimempigia sasa hivi. Nimeomba radhi maana niliongea vibaya kidogo pale getini. Tumekubaliana Jumamosi ya tarehe 23 Agosti. Hapo ni wiki 11 na ushee, na mizani iseme 900. Kasema niende Nane Nane na Glory ili mbwa azoee harufu yake, niache khanga yangu mbwa alalie, nirudi nayo siku ya kumchukua.

Shangazi Manka (Sakina): Siku hiyo usipande kosta. Nitakuja na gari. Chupa ya maji ya moto uiviringishe taulo, na chakula kilekile anachokula kwake, usibadili hata punje.

Godi (SUA): Milo minne au mitano kwa siku, wa mwisho kabla hamjalala. Maziwa ya ng'ombe hapana, yatamharisha. Asali iwe karibu: akilegea unampaka kidogo kwenye fizi, unamfunika, unakimbia kwa dokta. Usimmiminie mdomoni, atapaliwa.

Neema: Na Jumapili nimpe Glory nini sasa?

Happy (niko na Bibi): Bibi anasema mpe Biblia, ndicho kipaimara. 😂

Neema: Aika, Bibi. Nitanunua na mizani ya jikoni, yangu ni ya kilo, haioni gramu.

Witness: Baba Mdogo, imeingia elfu 30 kutoka kwako sasa hivi, haina maelezo. Ni ya kipaimara?

Baba Mdogo Elia: Ya mizani. Ya kipaimara mwisho wa mwezi.