Kifurushi cha elfu kumi na mbili kutoka China: kitozwe VAT au kiachwe?

Duka la Sweta, Mwanjelwa
Nauza masweta, soksi na kofia za watoto hapa Mwanjelwa, Mbeya, huu mwaka wa kumi na moja. Mwezi wa nne mama mmoja aliingia, akashika sweta la mtoto wa miaka minne, akalipima kwa shubiri, akalipiga picha, akashukuru, akaondoka. Jana, baridi imeshakaza, kapita mbele ya fremu na mwanawe kavaa lilelile. Rangi ileile, hata vifungo vilevile vya umbo la tembo. Nikamuuliza kwa wema, akaniambia kaagiza kwa simu, elfu kumi na mbili mpaka mkononi. Langu ni elfu kumi na nane.

Simlaumu, hela ni yake. Ila sweta langu liliingia na kontena, likalipiwa ushuru na VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani ya 18%, bandarini, nikalinunua Kariakoo kodi ikiwa ndani ya bei, nikalipandisha basi, nikalipia fremu, leseni na makadirio. Lake limekuja kwenye mfuko wa nailoni na halijaulizwa kitu. Ninachodai ni kimoja: 18% niliyobebeshwa mimi na yeye aibebe, ikatwe palepale anapobonyeza kununua, kama wanavyofanya Ulaya. Mnasemaje wadau?

Mrefu wa Forest
Nakataa. Mimi ni mwanamke, nakaribia futi sita, navaa kiatu namba 43. Nimezunguka Mwanjelwa, Kabwe, Sido, nimeshuka mpaka Tunduma. Viatu vya kike vinaishia 40, ukibahatika 41. Siku ya harusi yangu nilivaa viatu vya kiume chini ya gauni, na picha zote nimekaa au nimekatwa magotini. Sasa naagiza, vinakuja vinanienea. Hicho kiatu kimemnyang'anya nani biashara, wakati dukani hakipo? Nilipe 18% kwa kosa la kuwa na mguu?

Halafu tuambizane ukweli. Madukani kwetu hujagusa kitu unasikia, "Dada, unanunua au unaangalia?" Simu haijawahi kuniuliza hivyo.

Fundi Simu, Iringa
Kamwene wote. Mimi naagiza vioo vya simu, ndiyo kazi yangu. Wanaovunja vioo huku si matajiri. Wiki hii nimepokea simu ya mkulima wa nyanya wa Ilula, kaiangusha shambani, na hiyo simu ndiyo inayompa bei ya Dar kabla dalali hajafika. Ukiongeza 18% kwenye kioo, anayeilipa ni yeye, mimi napitisha tu. Lakini nami nina kidonda changu: mwezi wa tatu nilifungua vioo sita, nikaviwasha kimoja kimoja kabla ya kubandika, viwili vina doa jeusi pembeni kama wino umemwagika. Muuzaji yuko ng'ambo, ujumbe hajibu mpaka leo. Dukani ningerudisha asubuhi yake. Kwa hiyo mama wa Mwanjelwa ana haki ya kulalamika, ila dawa aliyoitaja siitaki.

Duka la Sweta, Mwanjelwa
Dada Mrefu, mimi tangu nianze sijamwambia mteja "unanunua au unaangalia". Usituweke wote kapu moja.

Kitenge cha Kabwe
Mimi nawaambia wateja hivyo, na nitaendelea kuwaambia. Ngoja nikueleze, mdogo wangu. Nina kitenge kimekunjwa safi, kimepangwa mpaka juu. Mtu anaingia anasema nishushie kile, na kile, hapana kile cha chini. Nashusha thelathini. Anajifunika kimoja begani, anajiangalia kwenye kioo, anasema nitarudi. Nabaki nakunja saa nzima. Na siku moja waliingia watatu, wawili wananiuliza bei, wa tatu kaondoka na doti nne chini ya mtandio. Doti nne! Hiyo hasara hakuna anayenirudishia. Kwa hiyo nikikuuliza unanunua au unaangalia, ni ulinzi wa mali yangu.

Mrefu wa Forest
Kumbe ndiyo mwenyewe. Dada yangu, umeibiwa na watatu, unamtukana wa mia. Kuangalia ndiyo mwanzo wa kununua. Mimi nilikuwa na laki mbili mkononi siku niliyoulizwa hivyo, nikageuka, nikatoka.

Kitenge cha Kabwe
Kuulizwa swali si kutukanwa. Na mimi mtu mzima, usiniandikie hivyo.

Mhasibu Mstaafu, Mbeya
Wanangu, turudi kwenye kodi. Mama wa masweta anasema VAT imo ndani ya bei yake, na ni kweli. Tuseme sweta limefika bandarini na thamani ya 10,000 pamoja na usafiri na bima. Nguo nyingi za kushonwa ziko kwenye ngazi ya 35% ya ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki iliyoanza Julai 2022. Ushuru 3,500. VAT haihesabiwi kwenye 10,000, inahesabiwa kwenye 13,500, kwa hiyo 2,430. Tumefika 15,930 kabla ya tozo nyingine, na halijapanda lori. Aliyesajiliwa VAT huidai serikalini ile aliyolipa. Mama huyu, kama mauzo yake hayafiki milioni 200 kwa mwaka, halazimiki kusajiliwa, na asiyesajiliwa haidai chochote. Imemgandia.

Sasa kifurushi. 18% ya 12,000 ni 2,160. Ili serikali ipate 2,160 hiyo pale mzigo unapoingia, karani afungue mfuko, atafute bei, aandike hati, ampigie simu mwenye mzigo aje alipe. Mshahara wa huo muda unazidi kodi yenyewe. Ndiyo maana wenzetu walimhamishia kazi muuzaji. Australia ilianza Julai 2018: mzigo usiozidi dola zao 1,000, muuzaji anayewauzia zaidi ya 75,000 kwa mwaka anajisajili na kukata 10%. Umoja wa Ulaya Julai 2021 ulifuta msamaha wa VAT kwa mzigo usiozidi yuro 22. Na sisi kwa huduma za mtandaoni kutoka nje tuna utaratibu huo tangu Julai 2022. Swali langu: nani atamlazimisha muuzaji wa kava za simu aliyeko Guangzhou ajisajili hapa? Nijibuni hilo.

Mwalimu, Mafinga
Shikamoo mzee. Mimi nataka kumjibu Mrefu wa Forest. Hiyo simu haijawahi kukuuliza, sawa. Imewahi kukukopesha? Mwaka ule mama yangu alipofariki, mshahara haujatoka, nilikwenda kwa mama mmoja wa kanga hapa Mafinga. Hakuniuliza kitu. Alikata doti kumi, akaandika jina langu kwenye daftari lake, akaniambia nenda kamzike mama, tutaongea. Nilimaliza kulipa baada ya miezi mitano. Walimu wangapi wa nyanda hizi wamesomesha watoto kwa daftari za maduka? Fremu hizo zikifungwa, tutakwenda kukopa wapi, kwenye simu? Kule tunajua riba zake.

Mrefu wa Forest
Pole sana kwa mama, Mwalimu. Lakini huyo wa Mafinga si wa Kabwe.

Kitenge cha Kabwe
Unanijua? Unajua nimewakopesha wangapi? Daftari langu lina majina arobaini na moja leo hii, na wawili wamehama mji.

Dereva, Tunduma
Mimi nawashangaa mnaogopa nini. Dunia nzima wanatoza. Marekani walikuwa na msamaha wa dola 800, wameufuta kwa China. Uingereza walianza 2019 kama sikosei. Sisi ni nani tusitoze? Ila nawaambia kitu kimoja cha mpakani: mkitoza upande huu tu, mzigo utaagizwa kwa anwani ya Nakonde. Zambia VAT yao ni 16%, na Nakonde na Tunduma ni kuvuka barabara. Boksi la viatu linapita kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, nani atalisimamisha? Nimeyaona kwa sukari, nimeyaona kwa sabuni.

Mhasibu Mstaafu, Mbeya
Dereva, Uingereza ni tarehe 1 Januari 2021: walifuta msamaha wa pauni 15, na kwa mzigo usiozidi pauni 135 muuzaji ndiye anayekata VAT. Marekani walianza na China na Hong Kong Mei 2025, wakafuta kwa nchi zote 29 Agosti 2025, na posta za nchi nyingi zikasimamisha vifurushi kwa muda kwa kukosa utaratibu wa kukusanya. Lakini hiyo ya Marekani ni ushuru wa forodha. Kodi yao ya mauzo ni ya majimbo, na iliamuliwa na Mahakama ya Juu yao Juni 2018 kwenye kesi ya South Dakota na Wayfair: jimbo laweza kumtoza muuzaji asiye na duka ndani yake. Tusichanganye ushuru na kodi ya mauzo.

Hoja yako ya Nakonde ndiyo nzito kuliko zote humu. Waingereza iliwakuta hivyohivyo. Msamaha wao ulipokuwepo, wauza CD walihamia kisiwa cha Jersey, wakawa wanaposti CD moja moja kwenda Uingereza bila VAT. Maduka ya muziki ya bara yakalia miaka, mpaka Aprili 2012 mlango ule ukafungwa kwa Jersey na visiwa jirani. Palipo na tofauti ya kodi, mfanyabiashara anajenga ghala hapohapo.

Fundi Simu, Iringa
Mzee, nijibu na mimi. Australia ilipoanza 2018, Amazon iliwafungia Waaustralia duka lake la Marekani, wakabaki na la kwao lenye bidhaa chache. Ilifungua Novemba mwaka huohuo baada ya watu kulalamika. Hao ni Waaustralia, wana hela. Sisi tukifungiwa, nani ataona hasara na kurudi kutufungulia? Mimi vioo nitavitoa wapi?

Kava na Chaji, Mwanjelwa
Nyie wote mnazunguka. Mrefu, nikuulize wewe unayetetea kutolipa: barabara ya kutoka Forest unapita ya nani? Zahanati mtoto wako kachanjwa kwa hela ya nani? Juni 2024 wenzetu wa Kariakoo walifunga maduka kwa ajili ya kodi, na huku Mbeya tukafunga. Siku mbili sijauza hata protekta. Wewe siku hizo ulikuwa unabonyeza simu.

Mrefu wa Forest
Nalipa kodi kwenye mshahara kabla sijauona. Nalipa VAT kwenye umeme, kwenye vocha. Tozo ya miamala ilipoletwa 2021 niliilipa nikimtumia mama yangu Kyela hela ya dawa. Usinifanye mkwepaji. Na wewe wa kava, mara ya mwisho kunipa risiti ilikuwa lini? Mimi nilinunua chaji mjini, nikaomba risiti, nikaambiwa "ya risiti elfu ishirini, bila risiti elfu kumi na saba". Elfu tatu hiyo ni ile 18% mnayoililia humu. Hamuilipi nyie, mnataka niilipe mimi?

Kava na Chaji, Mwanjelwa
Sio mimi niliyekuambia hivyo.

Mrefu wa Forest
Hakuna humu aliye yeye. Nyote ni wema humu.

Mwalimu, Mafinga
Dada, sasa umevuka. Watu wazima wanakueleza maisha yao.

Duka la Sweta, Mwanjelwa
Jamani. Mimi ndiye niliyeleta mjadala, naomba nisikilizwe. Risiti natoa, na leo nimetoa nne, maana wateja walikuwa wanne. Siku nzima, wiki ya baridi ya kwanza, wanne. Miaka mitatu nyuma wiki kama hii nilikuwa naweka msichana wa kunisaidia kukunja, sasa nakunja mwenyewe na namaliza saa nane.

Nimemsoma mzee mara tatu. Kama muuzaji wa Guangzhou hawezi kulazimishwa, na kama Nakonde ipo, basi mimi nageuza ombi. Msiongeze kwake, punguzeni kwangu. Masweta ya watoto chini ya miaka mitano yaondolewe VAT bandarini. Nitauza elfu kumi na tano, na mama yule atashika, atapima kwa shubiri, na atalipa.

Mhasibu Mstaafu, Mbeya
Hilo ni ombi jingine kabisa, mama, na lina shida yake. Ukisamehe sweta la miaka minne, kila kontena litakuwa na masweta ya miaka minne. Bado swali langu la kwanza halijajibiwa na mtu: nani atakusanya ile 2,160?

Kitenge cha Kabwe
Mzee, shikamoo, tutalirudia. Kwanza huyu dada wa namba 43 aseme ni duka gani alilotoka na laki mbili zake. Kama ni langu aje kesho, nitamshushia vyote thelathini na sitamuuliza kitu.

Mrefu wa Forest
Lilikuwa na pazia la bluu.

Kitenge cha Kabwe
Langu ni la kijani. Njoo.