Tupeane uzoefu: wewe ulijengaje msamiati wako wa Kiingereza?

Mwanzisha mada: Jana nimemkuta mdogo wangu akikariri orodha ndefu ya maneno ya Kiingereza na maana zake usiku wa kuamkia mtihani, nami nikakumbuka tulivyokuwa tukifanya vivyo hivyo. Mliofanikiwa na mliokwama, tusimulieni.

Kalamu Nyeusi: Sitausahau mtihani wetu wa ufahamu. Mwalimu alikuwa ametupa orodha yenye maana moja tu kwa kila neno, na humo "fine" ilielezwa kuwa ni "nzuri" au "salama". Kifungu cha mtihani kikamhusu dereva aliyepewa "fine" kwa kuendesha gari kwa kasi. Karibu darasa zima, watu waliokariri kwa bidii hasa, waliandika kwamba dereva alifika salama, na kwa kuwa maswali yaliyofuata yote yalihusu faini ile, yakaanguka moja baada ya jingine. Msichana aliyekuwa akiongoza darasa alitoka akilia, akisema ni heri asingesoma kabisa.

Msomaji Mtulivu: Yalitukuta hata sisi, ila kwetu lilikuwa neno "bank": tulijua ni benki tu, kumbe kwenye kifungu lilikuwa ukingo wa mto.

Chaki: Poleni, lakini msizilaumu orodha. Ile ya Michael West, mwalimu wa Kiingereza, ya mwaka 1953, yenye maneno takriban 2,000, ilionyesha maana mbalimbali za neno na kiasi ambacho kila maana hutumika. Kosa ni la anayekata maana nyingine.

Kalamu Nyeusi: Ndicho ninachokisema, Chaki. Mwanafunzi alinyimwa sentensi za kumwonyesha neno linavyotumika.

Jicho la Tatu: Yule msichana aliishia wapi?

Kalamu Nyeusi: Alirudia mtihani, akafaulu vizuri.

Mpenda Hadithi: Tupeni orodha zote, someni hadithi tu. Maneno yatakuja yenyewe.

Chaki: Hayaji yenyewe kwa anayeanza. Asiyejua nusu ya maneno ya ukurasa hawezi kukisia nusu iliyobaki. Ataufunga ule ukurasa. Aanze na hadithi zilizorahisishwa.

Mama wa Wawili: Wanangu wanatumia kadi kwa utaratibu aliouandika Sebastian Leitner mwaka 1972: neno ulilolikumbuka linasogezwa kisanduku cha mbele, ambako hurudiwa kwa nadra zaidi, na ulilolisahau linarudishwa kisanduku cha kwanza. Mbele ya kadi tunaandika sentensi nzima, na neno lenye maana mbili linapata kadi mbili.

Mwanzisha mada: Kadi mbili kwa neno moja! Mdogo wangu anaanza na "fine" leo hii.